Hisa na Aina Zake: Neno Moja, Mikataba Mingi katika Kawangware 56

Utangulizi

Kawangware 56 ni kituo cha matatu na mtaa wenye shughuli nyingi katika eneo la Dagoretti, magharibi mwa jiji la Nairobi. Upande mmja wa eneo hilo umepakana na Lavington, mtaa wa matajiri, na kila alfajiri watu wengi hutoka Kawangware kwa miguu kwenda huko kufanya kazi za nyumba, za ulinzi na za ujenzi. Wanaobaki mtaani huuza mboga, hushona nguo, huchomelea milango ya chuma, huendesha bodaboda au huhudumu katika vibanda vya M-Pesa. Aghalabu watu kama hawa husemwa kuwa hawana habari na masuala ya uwekezaji. Ukweli ni kinyume. Neno hisa limo vinywani mwao kila wiki. Limo katika chama cha akina mama, limo katika Sacco ya wenye matatu, na tangu mwaka 2006, kampuni ya umeme ya KenGen ilipouzwa kwa umma, limo pia katika mazungumzo kuhusu soko la hisa.

Tatizo ni kwamba neno hilo moja hubeba mikataba isiyofanana. Anayenunua hisa ya chama, anayenunua hisa ya Sacco na anayenunua hisa ya Safaricom wote husema wana hisa, ilhali haki zao, hatari zinazowakabili na njia ya kurudishiwa fedha zao ni mambo mbalimbali. Makala haya yanalenga kueleza aina za hisa kwa lugha ya Kiswahili, kwa kutumia mifano ya soko la Nairobi na maisha ya Kawangware, na kuonyesha kuwa kutotofautisha aina hizo kumewagharimu watu fedha taslimu. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili suala hili ni la istilahi. Kwa muuza mboga ni suala la karo ya mtoto.

Asili ya neno na upanuzi wa maana

Neno hisa lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni sehemu au fungu la kitu kinachomilikiwa na watu zaidi ya mmoja. Katika Kiswahili limo katika ngeli ya I-ZI: hisa hii, hisa hizi. Dhana yenyewe si ngeni Afrika Mashariki. Katika safari za majahazi ya Bahari ya Hindi, mabaharia wengi hawakulipwa mshahara. Walipokea fungu la faida baada ya gharama za chombo kutolewa. Chombo kilipopata, nao walipata, na kilipokosa, nao walikosa. Hiyo ndiyo roho ya hisa hadi leo: mwenye hisa haahidiwi kiasi maalumu, bali hushiriki katika kupata na katika kukosa.

Maana hiyo imeendelea kupanuka. Mwaka 2023 Rigathi Gachagua, ambaye wakati huo alikuwa Naibu Rais wa Kenya, aliifananisha serikali na kampuni yenye wanahisa, kwa maana kwamba waliowekeza kura nyingi ndio wenye haki ya kufaidi kwanza. Kauli hiyo ilizua mjadala mkali, na neno hisa likawa la kisiasa. Mjadala huo ulionyesha jinsi watu wengi walivyokwisha kuielewa hisa kuwa haki ya kupokea. Upande wa pili wa maana, yaani wajibu wa kubeba hasara, haukutajwa sana. Upande huo ndio unaosahaulika pia mtu anapotoa fedha zake.

Hisa ya chama, hisa ya Sacco na hisa ya kampuni

Kabla ya kuzitaja aina za hisa zinazouzwa sokoni, ni vyema kutenganisha mambo matatu yanayoitwa hisa katika mtaa kama Kawangware 56.

Kwanza ni hisa ya chama. Wanachama hukubaliana thamani ya hisa moja, tuseme shilingi 200, na kila mmoja hununua hisa kadhaa katika kila mkutano. Fedha hukopeshwa wanachama wenyewe kwa riba, na mwishoni mwa mwaka, aghalabu mwezi wa Desemba, mfuko huvunjwa na kila mtu hupata fungu lake kulingana na hisa alizonunua. Hisa hii haina soko nje ya chama. Ulinzi wake ni daftari la katibu na uaminifu wa wanachama. Mali bila daftari huisha bila habari, na vyama vingi vimevunjika kwa kukosa daftari.

Pili ni hisa ya Sacco. Hapa pana utata mkubwa, kwani Wakenya wengi huita hisa kila shilingi wanayoweka katika Sacco. Kwa hakika kuna mafungu mawili. Fungu la kwanza ni hisa za mtaji, ambazo ndizo umiliki wenyewe wa Sacco. Fungu la pili ni akiba au amana, ambazo mwanachama huzitumia kama dhamana ya kukopa, mara nyingi hadi mara tatu ya kiasi alichoweka. Mwanachama anapojiondoa hurudishiwa amana zake baada ya madeni kukatwa, lakini kwa kawaida hisa za mtaji hazirudishwi. Atalazimika kumuuzia au kumhamishia mwanachama mwingine. Vilevile mapato yake ni ya aina mbili: hisa za mtaji hupata gawio, na amana hupata riba. Asiyejua tofauti hii hushangaa siku ya kujiondoa anapopewa pungufu ya alichotarajia, akadhani ameibiwa.

Tatu ni hisa ya kampuni ya umma, ile inayouzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Soko hilo liliundwa mwaka 1954 likiwa chama cha mawakala, na katika enzi ya ukoloni Waafrika hawakuruhusiwa kufanya biashara humo. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, inayolisimamia, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1989. Mnunuzi hufungua akaunti katika hazina kuu ya hisa kupitia kwa wakala mwenye leseni, na hisa zake huwekwa humo kwa njia ya kielektroniki. Akitaka fedha zake hairudii kampuni iliyotoa hisa, bali humtafuta mnunuzi mwingine sokoni, na bei ni ile ya siku hiyo.

Tofauti nyingine iko katika kura. Katika Sacco, ambayo ni chama cha ushirika, mwanachama mmoja ana kura moja, awe na hisa kumi au elfu kumi. Katika kampuni, kila hisa ya kawaida ina kura yake, na mwenye nyingi ndiye mwenye sauti. Muuza mboga mwenye hisa mia moja ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa kampuni, ila uamuzi hutegemea wenye mamilioni ya hisa.

Hisa za kawaida na hisa za upendeleo

Kisheria hisa za kampuni hugawanyika katika makundi makuu mawili. Kundi la kwanza ni hisa za kawaida, ambazo ndizo nyingi zaidi sokoni. Mwenye hisa ya kawaida hupiga kura, hupata gawio endapo wakurugenzi watalipendekeza na mkutano mkuu kuliidhinisha, na hufaidika bei ya hisa inapopanda. Hata hivyo yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni. Kampuni ikifilisika, hulipwa kwanza wadai wenye dhamana, wafanyakazi na wadai wengine, kisha wenye hisa za upendeleo, na kama kuna kilichosalia ndipo mwenye hisa ya kawaida hufikiwa. Mara nyingi hakisalii kitu. Kampuni ya sukari ya Mumias, iliyoingia sokoni mwaka 2001, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 kwa ajili ya madeni, na maelfu ya wanahisa, wakiwamo wakulima wa miwa, walibaki na hisa zisizouzika.

Kundi la pili ni hisa za upendeleo. Mwenye hisa hizi huahidiwa kiwango maalumu cha gawio, na hulipwa kabla ya wenye hisa za kawaida. Badala yake, kwa kawaida hana kura, na kampuni ikipata faida kubwa yeye hubaki na kiwango chake kile kile. Mfano mwafaka ni kampuni ya usambazaji wa umeme, Kenya Power. Mbali na hisa za kawaida, kampuni hiyo ina aina mbili za hisa za upendeleo, za asilimia 4 na za asilimia 7, kila moja ikiwa na thamani ya msingi ya shilingi 20. Hivyo mwenye hisa ya asilimia 4 anastahili senti 80 kwa mwaka, na mwenye ya asilimia 7 anastahili shilingi 1.40. Hisa hizo ni limbikizi, maana yake ni kwamba gawio lisipolipwa mwaka huu hubaki kuwa deni, na ni lazima lilipwe kabla ya wenye hisa za kawaida kupewa chochote. Kwa upande wao, wenye hisa za kawaida wa Kenya Power walikaa miaka kadhaa baada ya 2017 bila gawio, hadi kampuni ilipotangaza senti 70 kwa hisa kwa mwaka ulioishia Juni 2024. Gawio walilolikosa katika miaka hiyo halikuwa deni kwao.

Inafaa kuongeza hapa hatifungani, ingawa si hisa. Mwenye hatifungani ni mkopeshaji. Ameikopesha serikali au kampuni, na anadai riba na mtaji wake. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilitoa hatifungani ya M-Akiba iliyouzwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Tofauti kati ya mkopeshaji na mmiliki ndiyo msingi wa somo lote hili. Mkopeshaji ana dai, mmiliki ana tumaini.

Aina za hisa kwa mujibu wa tabia zake

Mbali na mgawanyo wa kisheria, wawekezaji huzipanga hisa za kawaida kulingana na tabia za kampuni zenyewe. Mgawanyo huu hauandikwi kwenye cheti chochote, lakini ndio unaomsaidia mtu kujua anachokinunua.

(a) Hisa za mapato. Hizi ni hisa za kampuni zilizokomaa, ambazo hazihitaji kupanuka sana na kwa hivyo hugawa sehemu kubwa ya faida yake. Katika soko la Nairobi, BAT Kenya na benki ya Standard Chartered zimejulikana kwa muda mrefu kwa magawio makubwa. Hisa za namna hii humfaa anayetaka kitu mkononi kila mwaka, mathalani mstaafu. Gawio hilo hukatwa kodi ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya kabla ya kumfikia.

(b) Hisa za ukuaji. Kampuni ya namna hii huirudisha faida katika biashara ili ikue, na gawio lake huwa dogo. Mwekezaji hutarajia bei ya hisa ipande. Benki ya Equity, iliyoanza mwaka 1984 ikiwakopesha watu wa kipato cha chini fedha za ujenzi wa nyumba na kuingia sokoni mwaka 2006, ni mfano unaotajwa mara kwa mara. Asiye na subira asiziguse hisa hizi, kwani hakuna ajuaye ukuaji utachukua miaka mingapi.

(c) Hisa za vigogo. Ni za kampuni kubwa, kongwe na zenye wanunuzi wengi, hata mwenye hisa akitaka kuuza leo hupata mnunuzi leo. Safaricom, KCB na East African Breweries zimo katika kundi hili. Ikumbukwe hata hivyo kwamba kuwa kigogo si kinga. Shirika la ndege la Kenya Airways lilikuwa miongoni mwa vigogo baada ya kubinafsishwa mwaka 1996. Mwaka 2020 biashara ya hisa zake ilisimamishwa, ikaja kurejea Januari 2025.

(d) Hisa za msimu wa uchumi. Hupanda uchumi unaposhamiri na kushuka unapodorora. Hoteli, saruji na usafiri wa ndege ni mifano. Janga la Korona lilipofunga utalii mwaka 2020, kampuni ya hoteli za Serena iliathirika mara moja. Kinyume chake ni hisa za kujihami, yaani za kampuni zinazouza vitu ambavyo watu hawawezi kuviacha hata wakati wa dhiki, kama vile vyakula na mawasiliano.

(e) Hisa za kubahatisha. Ni za kampuni changa au zenye matatizo, na bei yake huwa ndogo. Mwaka 2013 soko la Nairobi lilifungua sehemu maalumu ya kampuni ndogo, na kampuni ya ardhi na nyumba ya Home Afrika ikawa ya kwanza kuingia, kwa shilingi 12 kwa hisa. Miaka michache baadaye hisa hiyo iliuzwa kwa chini ya shilingi moja. Aliyewekeza shilingi 12,000 alibaki na chini ya 1,000.

Hisa moja inaweza kuwa katika makundi mawili, au kuhama kutoka kundi moja hadi jingine. Safaricom ilianza kama hisa ya ukuaji, na kadiri miaka ilivyopita ikawa ya mapato. Kwa hiyo majina haya ni ya kueleza hali, na mwekezaji hana budi kuyapima upya kila mwaka.

Hisa za bonasi, toleo la haki na mgawanyo

Kuna majina mengine matatu ambayo huwachanganya wanahisa wadogo. La kwanza ni hisa za bonasi. Kampuni huwapa wanahisa hisa za ziada bila malipo, ikitumia faida iliyolimbikizwa. La pili ni toleo la haki, ambapo kampuni inayohitaji mtaji huwapa wanahisa wake nafasi ya kwanza ya kununua hisa mpya, kwa kawaida kwa bei iliyo chini ya ile ya soko. Hapa neno haki linapotosha, kwani msomaji anaweza kudhani anapewa kitu. Kumbe anaombwa fedha. Akikataa, sehemu yake ya umiliki hupungua. Kenya Airways ilifanya toleo kama hilo mwaka 2012 kwa shilingi 14 kwa hisa, na halikupata fedha zote zilizotarajiwa. Kampuni ilipopangwa upya mwaka 2017, madeni ya serikali na ya mabenki yaligeuzwa kuwa hisa, na wanahisa wadogo wakabaki na sehemu ndogo mno.

La tatu ni mgawanyo wa hisa. Benki ya Equity iligawa kila hisa yake moja kuwa kumi mwaka 2009. Aliyekuwa na hisa 100 akawa na 1,000, lakini bei ya kila moja nayo ikashuka kwa kiasi hicho hicho. Ni sawa na muuza chapati kuikata chapati moja vipande vinne: vipande vimeongezeka, chapati ni ile ile.

Funzo la mwaka 2008

Mwaka 2006 serikali iliuza hisa za KenGen kwa shilingi 11.90. Waombaji walizidi hisa zilizokuwapo, na biashara ilipoanza sokoni bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Walionunua wakauza na kupata faida ya haraka. Habari hizo zilienea mitaani, na watu wengi wakaamini kuwa kununua hisa zinapouzwa kwa mara ya kwanza ni faida ya hakika.

Kwa imani hiyo walikutana na Safaricom. Mauzo yalifunguliwa tarehe 28 Machi 2008, mwezi mmoja tu baada ya mkataba uliomaliza ghasia za baada ya uchaguzi, ghasia zilizovitikisa vitongoji vya Nairobi, Kibera na Kawangware vikiwamo. Serikali iliuza hisa bilioni 10, ambazo ni asilimia 25 ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Watu zaidi ya 800,000 waliomba. Mabenki yalitoa mikopo ya kununulia hisa, na vyama vilichanga kwa ajili hiyo. Kwa kuwa maombi yalizidi hisa mara kadhaa, waombaji walipewa sehemu tu ya walichoomba na kurudishiwa fedha zilizobaki, huku waliokopa wakidaiwa riba ya mkopo mzima.

Wengi waliiona bei ya shilingi 5 kuwa rahisi, kwa kuilinganisha na hisa nyingine zilizouzwa kwa shilingi 50 au 100. Ulinganisho huo haukuwa sahihi. Bei ya hisa peke yake haisemi kitu mpaka ijulikane idadi ya hisa zote. Safaricom ilikuwa na hisa takribani bilioni 40, hivyo kwa shilingi 5 kampuni nzima ilithaminiwa shilingi bilioni 200. Faida yake baada ya kodi kwa mwaka ulioishia Machi 2008 ilikuwa karibu shilingi bilioni 14, sawa na takribani senti 35 kwa kila hisa. Mnunuzi alikuwa analipa kama mara kumi na nne ya faida ya mwaka mmoja.

Biashara ilianza sokoni tarehe 9 Juni 2008 na bei ikapanda juu ya shilingi 7. Walioharakisha kuuza walipata. Baadaye hisa zilikuwa nyingi kuliko wanunuzi, misukosuko ya fedha duniani ikafuata baada ya kuanguka kwa benki ya Lehman Brothers mwezi Septemba, na bei ikaporomoka chini ya shilingi 5. Gawio la mwaka ulioishia Machi 2009 lilikuwa senti 10 kwa hisa. Chukulia mfano wa mtu aliyekopa shilingi 5,000 kwa riba ya asilimia 15 akapata hisa 1,000. Alidaiwa riba ya shilingi 750 kwa mwaka, na gawio lake lilikuwa shilingi 100 kabla ya kodi. Alilazimika kuuza kwa hasara ili alipe deni.

Hisa zile zile zilivuka shilingi 40 mwaka 2021, kisha zikashuka chini ya 20 mwaka 2023. Kwa hiyo aliyetumia fedha zake mwenyewe na kusubiri alifaidi, na aliyetumia fedha za mkopo hakuweza kusubiri. Wote wawili walinunua hisa ya aina moja, siku moja, kwa bei moja. Kosa la wa pili lilikuwa kununua hisa ya ukuaji kwa fedha zilizohitaji hisa ya mapato. Hakuna jina la kampuni, hata liwe zuri namna gani, ambalo lingemwokoa.

Msukosuko mwingine wa miaka hiyo ulikuwa wa mawakala. Kampuni ya uwakala ya Francis Thuo ilianguka mwaka 2007, na ya Nyaga iliwekwa chini ya usimamizi mwezi Machi 2008, wiki chache kabla ya mauzo ya Safaricom. Aidha, katika miaka hiyo hiyo miradi ya piramidi iliwaahidi Wakenya faida kubwa ya haraka na kutoweka na akiba zao. Jambo la kuzingatia ni kuwa hisa halali haiahidi faida ya kila mwezi. Anayekuja Kawangware na hisa zenye mapato ya uhakika amekwisha kujikana kwa kauli yake mwenyewe, kwani penye uhakika hapana hisa.

Suala la istilahi

Soko la hisa la Nairobi huendesha shughuli zake na kuandika nyaraka zake nyingi kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Istilahi za Kiswahili zipo, lakini hazijasanifishwa vya kutosha. Tanzania, ambako soko la hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, husema gawio. Vyombo vya habari vya Kenya aghalabu husema mgao wa faida. Anayeitwa wakala upande mmoja huitwa dalali upande wa pili. Hisa za upendeleo wengine huziita za kipaumbele. Tofauti kama hizi si hoja mradi msomaji aelewe, lakini zinapoingia katika mkataba zinaweza kuzua ugomvi.

Mapendekezo matatu yanafaa kufikiriwa. La kwanza, neno hisa lisisimame peke yake katika maandishi rasmi, bali lifuatwe na kibainishi: hisa ya chama, hisa ya mtaji wa Sacco, hisa ya kawaida, hisa ya upendeleo. La pili, amana za Sacco ziitwe amana, na zisiitwe hisa. La tatu, badala ya toleo la haki patumike maneno yanayotaja malipo waziwazi, mathalani hisa mpya za kununuliwa na wanahisa. Kazi hii ni ya wanaisimu na wafasiri kama ilivyo ya wanauchumi, kwa sababu neno linaloficha malipo humgharimu yule asiye na mtu wa kumuuliza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa hisa si kitu kimoja. Kuna hisa za chama, za Sacco na za kampuni. Za kampuni zimegawanyika katika za kawaida na za upendeleo, na zile za kawaida hutofautiana kwa tabia: za mapato, za ukuaji, za vigogo, za msimu wa uchumi na za kubahatisha. Tangu Agosti 2025 soko la Nairobi limeruhusu mtu kununua hata hisa moja, badala ya kiwango cha zamani cha hisa 100. Hivyo mlango uliokuwa mwembamba kwa mkazi wa Kawangware 56 umepanuka, na maswali ya kuuliza mlangoni yamekuwa ya lazima zaidi.

Maswali hayo ni machache. Hisa hii ni ya aina gani? Nikitaka fedha zangu, nani atanilipa? Gawio likikosekana mwaka huu, ni deni au limepotea? Hisa zote za kampuni ni ngapi, na faida yake ni kiasi gani? Wakala huyu ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji? Na fedha hizi ni zangu, au ni za mkopo ambao hautasubiri? Anayeweza kuyauliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili ataelewa mkataba kabla ya kuutia sahihi.